Pini za Tingatinga la Mugisho

Ushenga sikuuomba. Nilipewa kwa sababu ya ramani. Binti yuko Louisville, kijana yuko Buffalo, na mimi na mke wangu Ernestina tunakaa Columbus, pale katikati, kama abiria aliyebanwa na watu wawili wanene. Wazee wakakaa, wakafikiri, wakasema, "Ladislaus ndiye anafaa, atatumia mafuta kidogo." Hakuna aliyetaja busara yangu. Hakuna aliyetaja ulimi wangu. Mafuta!

Lakini hata wangenipa kazi hiyo kwa kunipigia kura ya siri, ningeipokea kwa magoti. Bagula wa Buffalo na Mugisho wa Louisville ni Wakongo, watu wa upande wa Bukavu. Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Hatuna hata tone moja la damu tunalochangia. Ila mwaka tulioingia Marekani, boila ya kupasha joto nyumba tuliyopanga Buffalo ilikata roho katikati ya baridi, na Bagula ndiye aliyetuchukua akatuweka sebuleni kwake, East Side, mimi na Ernestina na Gift wetu bado ananyonya. Watoto wake wakabanana chumba kimoja kama ndizi kwenye chane. Tulikaa mpaka theluji ikayeyuka, na sijawahi kumsikia yule bwana akiuliza, "Hivi mnahama lini?"

Tulipohamia Columbus, nikakutana na Mugisho. Wakati huo alikuwa bado anakaa Northland, nyumba za kupanga nyuma ya Morse Road. Ndiye aliyenitafutia kazi kwenye yadi ya kutengeneza mashine nzito, halafu akawa ananipitia na gari lake kila asubuhi mpaka nikapata leseni. Diploma yangu ya ufundi wa mitambo ilikuwa imelala ndani ya begi. Mugisho ndiye aliyeiamsha.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Aganze, mtoto wa marehemu kaka yake Bagula, kijana aliyelelewa na Bagula mwenyewe, anamtaka Séphora binti wa Mugisho, na Séphora naye anamtaka, nilimwambia Ernestina, "Mama Gift, Mungu ananipa nafasi ya kuwashukuru watu wawili kwa mkupuo mmoja." Ernestina akasema, "Basi usiharibu kwa utani wako."

Tatizo likawa Mugisho. Hakatai, hakubali. Watu wa Buffalo wanaomba waje wajitambulishe, yeye anajibu kwamba atawaambia. Na Séphora alishasema wazi: bila neno la baba yake, haolewi. Mwisho Mugisho akanipigia simu.

"Papa Gift, uniletee huyo kijana samedi. Minataka nimuone akitumika."

Kwao kutumika ni kufanya kazi.

"Si anafanya kazi, Baba Séphora? Anafungua matairi ya malori pale Buffalo."

"Hiyo ni maneno. Kila mutu iko na maneno. Miye nataka kuona na macho. Katapila yangu, pini za cheni zimekatala kutoka. Akuye tuzitoe pamoja. Nikishamuona, dimanche nitakupa jibu: bale ba Buffalo bakuye, ao babakie kwao."

Hapo ndipo mambo yalipofika: kazi Jumamosi, jibu Jumapili, watu wa Buffalo waje au wabaki kwao. Ndoa nzima imening'inia kwenye pini.

Aganze alishuka Columbus Ijumaa kwa basi la kutoka Buffalo, akalala kwetu. Kijana ana mabega kama kabati, lakini sauti ukiitafuta lazima uzime televisheni. Asubuhi Ernestina akatufungia chapati za njiani na kopo la senene kwa ajili ya mke wa Mugisho, tukaingia barabarani. Tukaipita Cincinnati. Tulipoanza kuona vibao vya Louisville ndipo akafungua mdomo, akaniita Ya, yaani kaka, kama wanavyosema kwao.

"Ya Ladi, na akinikatala?"

"Akikukataa namdai mafuta yangu."

Hakucheka. Nikaacha utani, nikamshika goti. "Piga kazi tu, mdogo wangu. Mugisho ni mtu wa mikono. Akiona mikono, moyo unafuata."

Tulimkuta yadini nyuma ya nyumba, keshavaa ovaroli. Mugisho ana biashara yake ndogo ya kusawazisha viwanja, na hilo tingatinga lake ni kubwa kuliko Séphora kwa umri. Mwenyewe analiita katapila. Limeegeshwa kwenye nyasi, kutu imelikaa kama upele.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Tingatinga halina matairi. Linatembea juu ya cheni mbili nene, moja kushoto, moja kulia. Kila cheni ni pingili za chuma zilizounganishwa kwa pini, na kati ya hizo kuna pini moja ya kufungulia, ina alama ya kishimo kwenye kichwa. Ukitaka kubadilisha cheni iliyochoka, lazima ile pini itoke, na ikishakaa miaka kwenye matope na kutu, haitoki kwa kuombwa. Kuna mashine ya kuisukuma kwa presha ya mafuta, lakini ya kukodi ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine. Ikabaki njia ya zamani: mmoja anashika kipande cha shafti juu ya kichwa cha pini, mwingine anapiga hicho kipande kwa nyundo kubwa, ile ya kushika kwa mikono miwili.

Ni kazi ya kuaminiana. Anayeshika hana kinga ila jicho la anayepiga.

Tukaanza upande wa kushoto. Nikalegeza grisi ya kukazia cheni, tukaweka gogo chini, nikachoma pingili kwa gesi mpaka ikabadilika rangi. Mugisho akachukua shafti akaiweka juu ya pini kwa mikono yake mwenyewe. Mashine ni yake, hakutaka mtu mwingine aumie. Nyundo akampa Aganze.

"Haya. Piga."

"Ndiyo, papa."

Ti.

Mugisho akamwangalia. "Piga, nasema."

"Ndiyo, papa."

Ti.

"Weye, unabisha hodi? Hakuna mutu ndani ya hii pini! Piga!"

Ti. Ti. Ti. Mimi nimefanya kazi na mashine nzito miaka mingi, lakini sijawahi kuona nyundo ya ukubwa ule ikitoa sauti ya kijiko cha chai.

Mama Charlotte, mke wa Mugisho, alikuwa kwenye ngazi za mlango wa nyuma akichambua lenga-lenga, mchicha wa kwao. Akapaza sauti, "Baba Séphora, hujamupa mutoto wa watu chakula, unataka nguvu itoke wapi?"

"Alikula! Nimemuona anakula mandazi sawa na mutu ya mazishi!"

Séphora alikuwa kasimama nyuma ya mama yake. Kazi yake ni kulea wazee kwenye nyumba ya wazee, ana subira ya kuuza, lakini siku ile ilikuwa imemwishia. Akasema, "Dad, please!" Hawa watoto wetu wakizidiwa, Kiswahili kinawakimbia.

Tukachoma tena. Tukapuliza mafuta ya kulainisha kutu. Ti. Mugisho akaweka shafti chini, akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwa sauti ambayo nadhani hata jirani aliisikia.

"Papa Gift, mabega ile ni ya kuazima. Donc mutoto yangu ataolewa na mutu mwenye kuogopa pini? Siku nyumba ikiwaka moto, atapuliza na mudomo?"

"Subiri kwanza, Baba Séphora. Jibu si mpaka kesho?"

"Jibu iko tayari. Nangoja dimanche ifike tu."

Nikaona sebule ya Bagula, nikaona gari la Mugisho likiniwashia taa asubuhi na giza. Nitampigiaje Bagula simu nimwambie mwanao amekataliwa, na aliyempeleka akakataliwe ni mimi?

Nikajiambia, Ladislaus, acha kulia, wewe ni fundi. Mashine isipofanya kazi unatafuta sababu, unaondoa moja baada ya nyingine. Sababu ya kwanza niliyoifikiria: anaogopa kumponda vidole. Hilo lina dawa. Nikawasha mashine ya kuchomelea ya Mugisho, nikakichomelea kile kipande cha shafti mpini mrefu wa bomba, ili anayeshika akae mbali kabisa. Nikasema, "Sasa hata ukikosea unapiga nyasi."

Mugisho akashika mpini. Aganze akainua nyundo.

Ti.

Basi si vidole.

Mugisho akatupa glavu akaenda ndani kunywa maji, anaguna peke yake kwa Kishi, lugha ya kwao. Lile gogo la chini lilikuwa limesogea, nikamwambia Aganze aingize kabari. Akachukua ileile nyundo, akaizungusha kutoka nyuma ya mgongo, PAA! Kabari ikaingia yote kwa pigo moja, na tingatinga zima likatetemeka. Kunguru wakaruka kwenye uzio.

Nikamtazama. Akatazama chini.

Mugisho akarudi, akashika mpini. Ti.

Hapo sasa nikaacha kutazama nyundo, nikamtazama mpigaji. Nikaona kitu. Hakuwa anasimama uso kwa uso na Mugisho hata mara moja, alikuwa anajigeuza ubavu. Macho yake hayapandi juu ya viatu vya mzee. Na akiinua nyundo, ikifika usawa wa kiuno, mkono unakufa wenyewe.

Nikakumbuka Buffalo. Mwaka ule tuliokaa kwa Bagula, baba mkwe wake alikuja kuwatembelea. Asubuhi moja Bagula anaondoa theluji mlangoni, koleo liko juu, mara mzee akatoka kusimama barazani. Bagula akalishusha lile koleo taratibu, akaliegemeza ukutani, akasimama mikono nyuma. Mzee alikaa pale barazani akifurahia hewa, gari lake limefukiwa, mimi abiria wake nachelewa, na Bagula hakugusa koleo mpaka mzee alipoingia ndani. Nilimuuliza kulikoni. Akanijibu kama anayemweleza mtoto: kwa namna alivyolelewa, mbele ya mkwe hauinui chombo, ni kama unamwinulia yeye.

Na Aganze amelelewa na nani? Na huyohuyo.

Nikasema tupumzike kidogo, pingili ichomwe tena. Nikamsogeza Aganze kwenye mitungi ya gesi.

"Mdogo wangu, yule mzee pale ni nani kwako?"

"Ni baba mukwe, Ya Ladi."

"Lakini hajakubali."

"Kwake yeye, bado. Kwangu miye, ni baba mukwe tangu siku Séphora aliniambia ndiyo." Akafuta jasho. "Nitamuinulia nyundo je? Mikono inakatala. Najaribu, inakatala."

Jamani. Watu wamewahi kuniheshimu, lakini kwa kunisalimia tu. Huyu alikuwa tayari kumkosa Séphora kuliko kumwinulia nyundo baba yake.

"Ngoja nimwambie."

Akanishika mkono, na hapo nikazijua zile nguvu. "Hapana. Ukimuambia, itakuwa sawa miye nimekutuma unitetee. Sitaki anipokee juu ya kuonewa huruma. Nakuomba, Ya Ladi."

Mshenga kazi yake ni mdomo, na sasa naambiwa niufunge. Sawa. Lakini mimi ni mshenga mwenye diploma. Nikaenda kwa Mugisho.

"Baba Séphora, tumekosea mpangilio. Wewe ndiye unayeijua hii mashine. Inabidi ukae upande wa pili, huko nyuma ya injini, uinamishe kichwa uniambie pini ikianza kusogea. Kaa pembeni, isije ikakuchomokea. Mpini nipe mimi."

"Haisogei! Nitaangalia nini?"

"Angalia tu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Uongo mtupu. Mungu anisamehe, na chuo changu pia. Mugisho akazunguka, akapotea nyuma ya lile dude. Nikashika mpini kwa mikono miwili, nikamwambia Aganze kwa sauti ndogo, "Haya. Mimi si mkwe wa mtu. Binti yangu Gift bado yuko shule. Piga."

PAA!

Meno yangu yalisalimiana. Mtetemo ukapanda mikononi ukashukia visiginoni.

"Eeeh!" sauti ya Mugisho ikatoka ng'ambo. "Imesogea! Papa Gift, imesogea!"

PAA!

"Inakuya! Inakuya! Ni nani anapiga? Ni weye?"

Na kichwa chake kikachomoza juu ya injini, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Wakati huohuo nyundo ilikuwa angani. Aganze akamwona. Ile nyundo ikapungua njiani, ikatua juu ya shafti kama inzi.

Ti.

Mugisho akakunja uso. Akashuka taratibu nyuma ya injini, akapotea.

PAA!

Akachomoza.

Ti.

Akashuka. PAA! Akachomoza haraka, upande mwingine, karibu na kiti cha dereva. Ti. Mtu mzima mwenye ovaroli, mzee wa kanisa, anacheza kibemasa, ule mchezo wa kujificha, mchana kweupe nyumbani kwake. Kwenye ngazi Mama Charlotte alishaacha mboga. Alikuwa amejifunika mdomo na kitenge, mabega yanaruka, naye alishaelewa. Wanawake wanaelewa mapema, wanatuacha tu tutoke jasho.

Kichwa cha Mugisho hakikurudi tena. Nikamwambia Aganze amalizie. PAA, na pini ikatoka upande wa pili ikaanguka kwenye nyasi, inafuka moshi. Cheni ikafunguka na kulala chini kama nyoka aliyechoka.

Mugisho akaja akizunguka tingatinga, pole pole. Pini hakuiangalia. Akasimama mbele ya Aganze. Kijana akaweka nyundo chini upesi, mikono nyuma, macho kwenye viatu. Séphora alikuwa amemshika mama yake mkono.

"Weye," Mugisho akasema. "Nani alikuambia miye ni baba mukwe yako?"

"Hakuna, papa."

"Nilikubali lini?"

"Haukukubali, papa."

"Sasa ile heshima yote unanipa, miye nilikulipa na nini?"

Mugisho ni Mshi, kabila moja na Bagula, amelelewa kulekule. Hakuhitaji mshenga wa kumfafanulia. Halafu akanigeukia mimi, mkali.

"Na weye ulijua! Hii macho yako ya panya inaona kila kitu. Ulijua na ukaninyamazia, unanifanya nichungulie sawa mutoto!"

"Nilikatazwa kusema, Baba Séphora. Nilikatazwa na huyo unayesema mabega yake ya kuazima."

Mama Charlotte alishindwa, akacheka kwa nguvu mpaka akakaa. Mugisho akasubiri amalize. Ikabidi asubiri muda. Kisha akavua glavu moja, akavua ya pili, akaniwekea zote mkononi.

"Bon. Ile pini ya upande wa kuume mutaitoa ninyi bawili. Miye naingia ndani."

Nilielewa, lakini mshenga lazima alisikie neno na masikio yake. Nikauliza kijinga, "Unaingia ndani kufanya nini? Kazi haijaisha."

"Vraiment, Papa Gift, diploma yako walikuuzia! Mukwe yangu atapiga nyundo je miye nikiwa nasimama hapa?" Akaanza kupanda ngazi. Mlangoni akageuka. "Na usimupigie Bagula. Nitamupigia miye mwenyewe. Bakuye. Bakuye bote, na kama kwao iko muzee mwenye kuimba sana, na yeye akuye."

Mlango ukafungwa. Vigelegele vya Mama Charlotte nadhani vilivuka mto vikafika Indiana. Séphora alishuka ngazi mbio, akasimama mbele ya Aganze, wakatazamana kama watu waliosahau walichotumwa dukani. Hawakushikana, kwa sababu pazia la jikoni lilikuwa wazi kidogo na tulijua nani yuko nyuma yake.

Mimi nilienda nyuma ya tingatinga nikajifanya natafuta spana. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili ya Bagula, aliyelea mtoto wa namna hii kwenye nyumba ndogo ambayo bado alipata nafasi ya kutuweka sisi. Namshukuru kwa ajili ya Mugisho, ambaye akigundua amekosea anavua glavu. Namshukuru kwa kutu, kwa kweli. Ile pini ingetoka kirahisi, nani angejua?

Tukahamia upande wa kulia. Grisi, gogo, gesi. Ndani tulisikia Mugisho kwenye simu anapiga kelele na Buffalo, "Allô, Bagula! Hapana, hakuna mutu amekufa! Ikala kwanza, kaa!" Nikashika mpini. Séphora akasogea nyuma. Aganze akatemea mate viganja, akachukua nyundo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Columbus, akainyanyua mpaka ikaziba jua.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "furaha naiona. Lakini kumbuka nina mke, nina mtoto, na Jumatatu naingia kazini."

PAA!

Pini ya kulia ilikuwa ngumu kuliko ya kushoto. Ilinitikisa mpaka chapati za Ernestina zikabadilisha upande tumboni. Kila akipiga nasema asante, namwambia Mungu, na yeye anadhani namtania, anaongeza nguvu.